Tone la Mnanaa

Nilikuwa kilomita ya tatu macho yalipoanza kuwaka moto, na aliyeyawasha ni mimi mwenyewe.

Miezi miwili kabla ya mbio hizo nilikuwa bingwa wa kuzima kengele ya simu na kujifunika shuka upya. Raba zilikaa mlangoni zikila vumbi. Ndipo dada yangu mkubwa, ambaye kazi yake ni kukanda watu misuli, akanipa kichupa cha mafuta ya mnanaa. “Tone moja kwenye kitambaa. Nusa, funga kamba za raba, toka. Usinuse halafu ukarudi kulala, utaiharibu dawa.”

Nilimcheka. Niliwahi kusoma kuwa mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanariadha waliokimbia mita 400 kwa kasi zaidi wakinusa mnanaa. Sawa, lakini hao walikuwa wameshafika uwanjani. Shida yangu mimi ilikuwa kitanda.

Wiki mbili za mwanzo sikuona tofauti yoyote. Kisha siku moja, nikiwa kazini, mwenzangu akamenya peremende ya mnanaa, na mguu wangu ukaanza kuchezacheza chini ya meza wenyewe. Sikuwa nimewaza kukimbia hata kidogo. Harufu ina njia ya mkato ya kufika kwenye sehemu za ubongo zinazohifadhi hisia na kumbukumbu, na kwangu mnanaa ulikuwa umeshafungwa pamoja na zile kamba za raba. Tangu hapo nilikuwa natoka asubuhi kabla sijaanza kubishana na nafsi.

Sasa tamaa. Siku ya mbio, kilomita kumi, nikajiuliza: ikiwa tone moja linanitoa kitandani, matano yatanifikisha wapi? Nikayapaka chini ya pua, makavu, bila kuyachanganya na mafuta mengine. Ee! Ubaridi ule! Nilihisi kifua kimefunguka kama dirisha. (Hakikuwa kimefunguka. Mentoli, ile dutu ya ubaridi iliyomo kwenye mnanaa, huamsha tu mishipa ya fahamu inayohisi baridi, ukadhani hewa inaingia kwa wingi.) Dakika chache baadaye harufu ikapotea, maana pua huzoea upesi. Mimi nikadhani dawa imekwisha nguvu. Nikatoa kichupa mfukoni, nikaongeza.

Jasho likaja. Nikajifuta uso kwa kiganja kilekile.

Nilikimbia jicho moja limefumba, jingine likichungulia, machozi yakishuka hadi kidevuni. Kwenye meza ya maji nikajimwagia vikombe viwili usoni, na mafuta wala hayakujali. Kijana aliyekuwa akigawa maji akanitazama kwa huruma ya kweli. “Pole sana, mzee. Kuna msiba?”

“Mnanaa,” nikamjibu.

Nilimaliza kwa saa moja na dakika kumi na mbili, nyuma ya watu niliokuwa nikiwaacha mazoezini. Dada alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanisafisha kwa pamba yenye mafuta ya kupikia, ndiyo yaliyoutoa mnanaa. “Nilisema kitambaa,” akasema. “Nilitaja uso mimi?”

Jumatatu alfajiri mdomo wa juu ulikuwa bado mwekundu. Nikanusa kizibo tu, kwa mbali, nikainama kufunga kamba.