Gari au Treni: Ninavyopima Safari ya Kazini na ya Uwanja wa Ndege

Watu wanapolinganisha gari binafsi na usafiri wa umma, swali la kwanza huwa ni njia ipi inafika mapema zaidi. Nimesafiri kwa njia zote mbili, kwenda kazini na kwenda kupanda ndege, na ninaamini kwamba swali hilo halitoshi. Ninachotaka kujua mimi ni siku mbaya ya kila njia: mambo yakiharibika, nitachelewa kwa kiasi gani? Safari inayochukua dakika 50 kila siku ina faida kuliko ile inayochukua dakika 35 leo na dakika 80 kesho, kwa sababu anayetegemea ya pili hulazimika kuondoka nyumbani akiwa ametenga muda wa zile 80, na dakika alizodhani ameziokoa huishia katika kungoja ofisi ifunguliwe.

Muda wa safari ya gari huyumba zaidi kwa sababu barabara haijai polepole. Njia moja ya barabara kuu hupitisha takriban magari 2,000 kwa saa, na idadi inapokaribia kiwango hicho, dereva mmoja akikanyaga breki ghafla huwalazimisha walio nyuma yake kupunguza mwendo, nao huwalazimisha wa nyuma yao, hata watu walio mbali wakajikuta wamesimama pasipo kuona ajali wala kizuizi chochote. Kupanua barabara hakuondoi tatizo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1962 mchumi Anthony Downs alieleza kwamba katika barabara kuu za mijini, magari ya saa za msongamano huongezeka mpaka yakaijaza nafasi mpya iliyopatikana. Kilichosaidia zaidi ni kutoza ada ya kuingia katikati ya mji, kama Singapore ilivyoanza mwaka 1975, London mwaka 2003, na Stockholm kwa majaribio mwaka 2006, ambako magari yaliyovuka mpaka wa eneo la ada yalipungua kwa takriban asilimia 20. Anayeendesha gari katika mji wenye ada ya namna hiyo hulipa zaidi, lakini anapata barabara inayotabirika zaidi, na kwangu hilo ni jambo lenye thamani.

Hata hivyo, si haki kuuzungumzia usafiri wa umma kana kwamba ni kitu kimoja. Treni yenye reli yake haiujui msongamano wa barabarani, ilhali basi lisilotengewa njia hukwama katika foleni ileile ya magari na bado husimama kila kituo. Ndiyo maana miji ya Curitiba nchini Brazil, tangu mwaka 1974, na Bogotá nchini Colombia, tangu mwaka 2000, ziliyapa mabasi njia zake zenyewe. Kabla ya kuamua kuacha gari nyumbani, mtu atazame kwanza ramani ya njia hizo: basi lake linapita wapi peke yake, na linachanganyika wapi na magari mengine?

Jambo la pili ni muda wa kungoja, na hapa ratiba zinaweza kupotosha. Mabasi yakipita kila baada ya dakika 10 kwa mpangilio sawa, abiria anayefika kituoni bila kuangalia saa hungoja dakika 5 kwa wastani. Mabasi hayohayo yakianza kufuatana mawili mawili, kila jozi baada ya dakika 20, wastani wa kungoja unakuwa dakika 10, ingawa kampuni inaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba haijapunguza hata basi moja. Kwa hiyo sihesabu tu idadi ya mabasi kwa saa. Nasimama kituoni nikaona yanavyofuatana. Safari yenye kubadilisha magari mawili hulipa gharama hii mara mbili.

Kuhusu fedha, hesabu hutegemea kama gari tayari lipo. Bima, ada za usajili na kushuka kwa thamani hulipwa hata gari likilala, kwa hiyo mwenye gari hulinganisha nauli na mafuta pamoja na maegesho tu, na mara nyingi gari huonekana rahisi. Uamuzi mkubwa hufanyika siku ya kununua. Naona kwamba familia hupata nafuu ya kweli pale usafiri wa umma unapoiwezesha kuishi bila gari la pili, na si pale mtu anapoliacha gari nyumbani mara mojamoja.

Safari ya uwanja wa ndege ina uzito mwingine, kwa kuwa adhabu ya kuchelewa hailingani. Kuchelewa kazini dakika 10 huishia katika kuomba radhi. Kuchelewa dakika hizohizo baada ya kufungwa kwa kaunta ya kupokea abiria na mizigo, ambayo kwa safari nyingi za kimataifa hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, humkosesha mtu safari nzima. Hapa reli ina nguvu kubwa. Gatwick, mojawapo ya viwanja vya ndege vya London, ilipata kituo cha treni kando ya jengo la abiria mwaka 1958, treni ya chini ya ardhi ya Piccadilly ikafika Heathrow, uwanja mwingine wa London, mwaka 1977, na treni ya uwanja wa ndege wa Hong Kong, iliyoanza mwaka 1998, huchukua takriban dakika 24 kutoka katikati ya mji.

Lakini reli ina udhaifu wake mkubwa alfajiri. Treni inayofika uwanja wa ndege wa O'Hare huko Chicago hufanya kazi saa 24, jambo ambalo miji mingi haina, na ndege ya saa 12 asubuhi humtaka abiria awe uwanjani kabla treni ya kwanza haijatoka. Hapo gari au teksi hushinda bila ubishi. Vilevile idadi ya wasafiri hubadilisha hesabu, kwa maana nauli huongezeka kwa kila kichwa ilhali gari hubeba watu wanne kwa mafuta yaleyale. Na mwenye watoto wadogo na masanduku matatu asilaumiwe akikataa ngazi za vituo.

Wakati wa kurudi husahaulika, nao ndio ninaoupa uzito mkubwa. Ndege ikichelewa saa mbili, abiria wa treni hupanda tu treni inayofuata, kama bado zipo, ilhali aliyeacha gari uwanjani amekwisha kulipia maegesho ya siku zote alizokuwa safarini, na sasa inambidi ashike usukani baada ya usiku wa usingizi wa kukatika angani. Kwa safari za usiku mimi hupanga kurudi kwa treni au teksi, hata pale gari linapokuwa nafuu kwenye karatasi.