Nilivyosawazisha sauti ya deki, king'amuzi na YouTube sebuleni kwangu

Mama mkwe wangu alikuja Tabata kutoka Muheza kwa matibabu ya macho, akakaa nasi wiki saba. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji na la pili linaona ukungu, kwa hiyo televisheni kwake ilikuwa redio. Alikuwa anakaa kochi la pembeni, mikono juu ya mapaja, anasikiliza. Sisi wengine tulishazoea kuishi na rimoti mkononi, tunapandisha na kushusha bila hata kufikiri. Yeye hakuwa na namna hiyo.

Usiku wa tatu tulikuwa na filamu kwenye deki. Mazungumzo yalikuwa ya chini, nikapandisha risiva, kile kifaa kinachopokea sauti ya kila chombo na kuipeleka kwenye spika, mpaka yasikike vizuri. Ilipoisha, mke wangu akahamia YouTube kumtafutia mama mawaidha. Sauti ya sheikh ilitoka kama imefunguliwa kwa teke. Mama aliruka, chai ikamwagikia khanga, akageuza uso kuelekea jikoni na kuuliza, "Baba, kuna nini huko?" Alidhani mtungi wa gesi umelipuka. Nilimpa pole, nikashusha sauti, lakini usiku ule sikulala vizuri. Mkwe hashtuliwi nyumbani kwako namna ile.

Vifaa vyangu ni vya kawaida: risiva ya chaneli 5.1 niliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, spika tano na sabufa. King'amuzi na deki vimeingia kwenye risiva kwa waya wa HDMI, televisheni inarudisha sauti ya YouTube kwa HDMI nyingine, na simu tunaichomeka kwa waya wa AUX siku za muziki. Ndani ya menyu ya risiva kuna sehemu ya kuongeza au kupunguza kiwango cha kila chanzo, kutoka −12 hadi +12 desibeli. Risiva nyingi zinayo, na watu wengi hawajawahi kuifungua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa nayo miaka mitatu.

Nilianza kwa njia niliyoamini ni ya kitaalamu. Nilipakua ile kelele ya kupimia spika, inayolia kama mvua kubwa juu ya bati, nikaiweka kwenye flashi. Nikaipiga faili ileile kupitia deki, kisha kupitia televisheni, huku simu yenye programu ya kupima desibeli ikiwa imeegemezwa kwenye mto mahali mama anapokaa. Tofauti haikufika hata desibeli 2. Nikafurahi, nikahesabu kazi imekwisha. Kesho yake mawaidha yakalipuka vilevile.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba vifaa havikuwa na kosa. Tatizo lilikuwa kwenye vitu vyenyewe vinavyopigwa. Filamu hutengenezwa ikiachiwa nafasi kubwa juu ya mazungumzo, ili risasi na radi zipate pa kupanda. Netflix, kwa mfano, wanataka mazungumzo yawe kwenye −27 kwa kipimo cha ukubwa wa sauti kinachoitwa LUFS, ambacho namba ikikaribia sifuri sauti ni kubwa zaidi. Watangazaji wa Ulaya walikubaliana mwaka 2010 kwamba kipindi kizima kiwe na wastani wa −23. YouTube huacha video ifike karibu −14, ikizidi hapo wanaishusha wenyewe. Kati ya −27 na −14 kuna desibeli 13, na kila desibeli 10 sikio hulisikia kama sauti imeongezeka maradufu. Kelele ya kupimia haiwezi kukuonyesha hilo, kwa sababu ni faili moja.

Kwa hiyo nikaamua kipimo changu kiwe sauti ya binadamu anayezungumza kwa utulivu. Si muziki, si milipuko. Ndicho kitu pekee kinachopatikana kwenye kila chanzo, na ndicho mama alichokuwa anakitafuta.

Nilisubiri saa tano usiku, bajaji zimepungua barabarani. Nikazima pangaboi, maana lenyewe tu lilikuwa linasomeka desibeli 48. Nikachagua namba ya sauti ya risiva na sikuigusa tena. Kwa kila chanzo nilichukua mazungumzo ya dakika mbili na kuandika wastani, si namba ya juu kabisa. Programu ya simu haiaminiki ukitaka kujua desibeli halisi za chumbani, ila kwa kulinganisha hiki na kile, simu ileile mahali palepale, inatosha sana.

Kabla ya kupima king'amuzi niligundua kina sauti yake chenyewe, na mtu alikuwa ameishusha hadi nusu kwa rimoti yake. Nikaipandisha hadi mwisho, nikasikiliza kama inapasuka, haikupasuka, nikaiacha hapo. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana: ukiacha vidhibiti viwili vya sauti vikifanya kazi kwa wakati mmoja, vipimo vyako vyote vitaharibiwa na mtoto mmoja akichezea rimoti. Sauti ya simu nayo huwa naiweka kwenye kiwango kilekile kila mara.

Namba zilikuja hivi: deki 56, king'amuzi 62, simu 66, YouTube 71. Desibeli 15 kati ya filamu na mawaidha! Ndiyo maana chai ilimwagika.

Lakini 56 ya deki ilinitia shaka. Nikafungua menyu yake, nikakuta imepangwa kutoa sauti kwa PCM ya chaneli mbili. Maana yake deki ilikuwa inachukua chaneli zote za filamu na kuzibana ziingie kwenye spika mbili za mbele, na spika ya katikati, ambayo ndiyo hubeba mazungumzo, imekaa kimya kama pambo. Nikabadilisha iwe bitistrimu, yaani deki ipeleke sauti kama ilivyo bila kuifungua, ili risiva igawe chaneli yenyewe, nikaongeza spika ya katikati desibeli 2. Mazungumzo yakapanda hadi 60, na yakawa safi zaidi kuliko namba inavyosema. Ukiwa na muda wa kufanya jambo moja tu katika haya yote, fanya hili.

Kisha nikaifanya filamu kuwa sifuri, wengine wote washuke kuifuata. Ningeweza kuipandisha filamu badala yake, ila filamu ndiyo yenye milipuko inayofika dari, na ukiiongezea nguvu kwenye mlango wa kuingilia unaweza kuikuta inakwaruza kwenye vilele. King'amuzi nikakipa −2, simu −6, televisheni −11.

Ikabaki kitu kimoja kilichonisumbua siku mbili: muvi zilizotafsiriwa. Mke wangu anazipenda, anajaziwa kwenye flashi pale kibandani. Sauti ya mtafsiri imelazwa juu ya filamu, karibu na maiki, na yote imebanwa kwa nguvu. Kwenye deki ileile iliyotoa filamu ya kawaida kwa 60, mtafsiri alisoma 69, na risiva haina namna ya kujua nini kiko kwenye flashi. Nilijaribu namba ya katikati, ikawa mbaya kwa zote mbili. Suluhisho lilikuwa kuhamisha flashi: muvi zilizotafsiriwa zikachomekwa nyuma ya televisheni badala ya deki. Njia ya televisheni tayari ina −11, kwa hiyo mtafsiri akashuka hadi 58. Pungufu ya desibeli 2 sikio halilitilii maanani ukiwa unafuatilia hadithi.

Matangazo ya biashara sijayaweza. Yakija katikati ya kipindi bado yanapanda, na namba ya chanzo haiwezi kuyagusa kwa sababu yanapita njia ileile ya kipindi. Marekani walilitungia sheria jambo hilo mwaka huohuo wa 2010, tangazo lisizidi sauti ya kipindi kinacholibeba. Natamani na sisi tungekuwa nayo.

Namba zote nne nimeziandika kwenye karatasi na kuibandika ubavuni mwa risiva, pamoja na onyo la kutogusa sauti ya king'amuzi.

Juma la mwisho bandeji ilitolewa. Nilirudi kutoka kazini jioni nikamkuta mama peke yake sebuleni, amemaliza filamu, anabonyeza rimoti mwenyewe polepole kuhamia taarifa ya habari. Msomaji akaanza kusoma. Nikasema, "Shikamoo mama." Akajibu, "Marahaba, baba," na hakugeuza shingo, alikuwa anasikiliza bei za machungwa.