Mkasi Uliotundikwa Tangu Februari

Naandika haya mwanzoni mwa Juni 2025, na mkasi wangu wa kukatia wigo umetundikwa kwenye msumari ndani ya kibanda cha vifaa tangu wiki ya mwisho ya Februari. Wigo wenyewe, ambao ni miti yenye miiba iliyopandwa kwa mstari kati ya uwanja wangu wa nyuma na njia ya kupitishia mapipa ya taka, umefumuka kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi, na kila ninaposukuma pipa kwenda barabarani matawi hunikwaruza sikio. Sitaukata. Ndani yake, kwenye kimo cha kifua changu, kuna kiota, na mwenye kiota hicho ndiye aliyeniamulia karibu kila jambo nililolifanya bustanini tangu Machi.

Huu ni mwaka wangu wa tisa kaskazini mwa Uingereza, na miaka miwili ya mwanzo sikuwa na bustani, nilikuwa na dirisha tu. Nilipopata nyumba yenye uwanja nilidhani kulima ni kulima. Nilikotoka, mwaka wa mkulima hugawanywa na mvua. Hapa hugawanywa na mwanga. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tumezoea mchana na usiku kugawana saa kumi na mbili kwa haki mwaka mzima, ilhali huku mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na ikifika katikati ya Mei huchomoza yapata saa kumi na moja alfajiri na kuchwa karibu saa tatu usiku. Jumapili ya mwisho ya Machi saa zote husogezwa mbele kwa saa moja, na ghafla mtu anayerudi kazini jioni anapata muda wa kushika jembe. Lakini mwanga huo ni wa kudanganya, kwa kuwa udongo huchelewa kupata joto. Ukiutia mkono mwezi Machi utadhani umegusa kitu kilichotoka kwenye friji. Mwaka wa kwanza nilipanda maharage siku za mwanzo za Aprili, yakaota vizuri, kisha ikaja jalidi ya usiku mmoja, na asubuhi nikakuta majani yamekuwa meusi na laini kama yaliyochemshwa. Somo hilo lilikuwa rahisi, maana niliyeumia ni mimi peke yangu.

La pili halikuwa rahisi. Jumamosi moja ya Aprili mwaka uliofuata, yenye jua na joto la kwanza la maana tangu Oktoba, niliuvamia wigo ule kwa mkasi na kuunyoa ukawa umenyooka kama meza. Nilipokuwa nikikusanya matawi niliona kibakuli cha nyasi kimekaa wazi mahali ambapo asubuhi hapakuonekana kitu, na ndani yake mayai manne ya rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, yenye madoadoa ya kahawia. Nilirudi nyuma nikidhani nikiondoka mambo yatajirekebisha. Siku ya pili yake, kunguru wa huku mwenye rangi nyeusi na nyeupe na mkia mrefu alishuka juu ya wigo mara mbili, na kiota kikabaki kitupu.

Jirani yangu aliyaona yote hayo kutoka dirishani kwake. Ni mtu mzima aliyestaafu zamani, na hapa desturi ni kumwita kwa jina lake la kwanza, jambo ambalo baada ya miaka yote hii bado linanipa shida, kwa hiyo katika maandishi haya atabaki kuwa mzee. Alisubiri siku tatu ndipo akanisemesha, na alianza na habari za hali ya hewa, kama wanavyoanza wote. Kisha akanieleza kwamba kuna Sheria ya Wanyamapori na Maeneo ya Vijijini ya mwaka 1981, inayokataza mtu kuharibu kwa makusudi kiota cha ndege wa porini kinachotumika au kinachojengwa, na kwamba chama cha kuwalinda ndege, RSPB, huwashauri watu wasikate wigo kuanzia Machi hadi Agosti. Alilitaja neno makusudi kwa haraka ili nisitahayari. Nilitahayari hata hivyo. Baadaye nilikuja kusoma kwamba chama hicho kilianza mwaka 1889 kwenye kitongoji cha Didsbury, Manchester, kikianzishwa na mwanamke aitwaye Emily Williamson aliyechukizwa na ndege kuuawa ili manyoya yao yapambe kofia za mabibi, na nikajisemea kwamba angalau kofia huvaliwa. Mimi niliangamiza mayai manne ili wigo unyooke.

Ndege mwenyewe Waingereza humwita blackbird, yaani ndege mweusi, na jina hilo lilinipoteza kwa muda mrefu. Dume kweli ni mweusi tititi, mwenye mdomo wa rangi ya chungwa na pete ya rangi hiyohiyo kuzunguka jicho, lakini jike ni wa kahawia, na nilikaa mwaka mzima nikiamini kwamba ni ndege wa aina mbili wanaogombania uwanja mmoja. Jina lake la kisayansi ni Turdus merula, na ndugu zake wa jenasi hiyohiyo ya Turdus wapo tele Afrika Mashariki. Kwa Kiswahili huitwa mikesha, jina ambalo halihitaji maelezo kwa yeyote anayeishi chini ya paa ambalo dume hulitumia kama jukwaa saa kumi alfajiri. Watu wa ughaibuni hupenda kujifananisha na ndege wahamao, na mimi nimewahi kujaribiwa kufanya hivyo kila ninapowaona mbayuwayu, lakini huyu wa kwangu hakuhamia kutoka popote. Yupo uwanjani theluji ikianguka na yupo jua likiwaka. Mgeni ni mimi.

Mwaka huu jike alianza kujenga tarehe 25 Machi. Naijua tarehe kwa sababu niliiandika kwa penseli ukutani mwa kibanda, chini ya msumari wenye mkasi. Kazi ya ujenzi ni yake peke yake. Dume alikuwa akimfuata tu huku na huku kama msimamizi asiyeshika tofali. Nilikuwa nimekusanya nyasi kavu kwa reki nizipeleke kwenye lundo la mboji, naye akanitangulia, akijaza mdomo hadi nyasi zikamtoka pande zote mbili kama masharubu. Baada ya siku nne au tano nyasi zilimtosha, ila sasa alihitaji tope, na tope halikuwepo. Wanaoishi Uingereza watakumbuka kwamba majira haya ya kuchipua yamekuwa ya joto na jua kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa nchini, na upande wa England haujaona machipuko makavu kama haya kwa zaidi ya miaka mia. Udongo wangu ni wa mfinyanzi, na ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza kidole. Nilimwona akidonoa ukingo wa tuta la viazi, akitoka na vumbi.

Basi nilimwaga kopo zima la maji pembeni, mahali pasipo na mmea wowote, nikaingia ndani nikasimama nyuma ya pazia la jikoni. Hakukawia. Alikanyagakanyaga, akachota tonge la tope, akaruka nalo chini chini hadi kwenye wigo. Kwa kuwa matawi yalikuwa bado hayajajaza majani, niliweza kumwona kwa mbali akijitosa ndani ya kibakuli chake, akalisukuma tope kwa kifua huku akijizungusha, akasimama, akageuka kidogo, akajizungusha tena, kama mfinyanzi ambaye gurudumu lake ni mwili wake mwenyewe. Tope lilipokauka alitandika juu yake nyasi laini. Kwa siku tatu nilimwaga kopo moja kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na sikumwambia mtu.

Tarehe 9 Aprili, alipotoka kutafuta chakula, nilichungulia mara moja tu: mayai manne. Tangu siku hiyo akaanza kuatamia, na bustani ikawa na masharti. Gurudumu la toroli lililokuwa likilia kwa miaka miwili lilipakwa mafuta jioni hiyohiyo. Miche ya maharage, niliyokuwa nimeilea kwenye trei ndani ya nyumba, ilihamishiwa tuta la mbali badala ya lile lililo chini ya wigo. Redio ilibaki jikoni. Mama aliponipigia simu siku moja nikamjibu kwa sauti ya chini, akaniuliza kama naumwa, na nilipomweleza akacheka hadi akakohoa. “Mwanangu,” alisema, “kwa hiyo siku hizi unamwomba ndege ruhusa ndipo ulime?” Nilimwambia ndiyo, Mama, naomba.

Nisiseme uongo, hata hivyo, kwamba ni mimi tu niliyekuwa nikitoa. Mkesha na mwenye jembe wana mapatano ya zamani kuliko sheria yoyote. Ukigeuza udongo unafichua nyungunyungu, na ukimwagilia jioni nyungunyungu waliojichimbia chini kwa ukame hupanda juu; bila hivyo, katika mwaka mkavu kama huu, makinda mengi hufa kwa njaa viotani. Yai la kwanza lilipoanguliwa tarehe 22 Aprili, niligundua kwamba kila nikishika kopo la kumwagilia wazazi wote wawili walikuwa wakinisubiri. Dume alikuwa akinikaribia hatua mbili, ameinamisha kichwa upande mmoja, halafu anadonoa ghafla na kuvuta, nyungunyungu akijinyoosha kama mpira kabla ya kuachia. Walikuwa wakiingia wigoni na chakula na kutoka na kijifuko cheupe mdomoni, ambacho ni kinyesi cha kinda kilichofungwa kwenye utando, wakaenda kukitupa mbali ili kiota kisinuke na adui asielekezwe. Mtu aliyewahi kubadilisha nepi saa nane za usiku ataelewa kwa nini nilikaa nikiutazama utaratibu huo kwa wivu.

Hasara zipo. Vitunguu vyangu vichanga viling’olewa safu nzima na kuachwa vimelala, si kwa njaa bali kwa sababu vilisimama mahali alipotaka kupekua. Nilivipanda tena, vikang’olewa tena, nikavifunika kwa wavu niliouvuta ukakaza ili usije ukanasa mguu wa mtu. Koa walikula saladi usiku mmoja ikabaki mishipa. Zamani watu wa huku walitawanya vidonge vya metaldehyde, sumu ya kuulia koa, lakini tangu mwisho wa Machi 2022 matumizi yake ya nje yamepigwa marufuku hapa kwa sababu yaliwadhuru ndege na wanyama wengine. Sasa natoka usiku na tochi na ndoo. Vidukari nao waliyavamia mawaridi, na safari hii sikupulizia dawa, kwa kuwa kwenye sanduku la mbao nililolipigilia ukutani, lenye tundu la milimita 25, kulikuwa na wapangaji wengine: blue tit, ndege mdogo wa buluu na njano ambaye tundu hilo humtosha yeye na kuwazuia wakubwa zaidi. Inasemekana kinda mmoja tu wa ndege huyu anaweza kula hadi viwavi mia kwa siku, na mama yao hutaga mayai manane au kumi. Hesabu hiyo nilimwachia yeye, na kufikia katikati ya Mei mawaridi yalikuwa yamenusurika, ingawa siyo yote.

Tarehe 6 Mei mwanangu alikuja mbio akisema, “Baba, ameanguka!” Kinda alikuwa amekaa chini ya toroli, mkia kama kisiki, manyoya ya utotoni yamemsimama juu ya macho kama nyusi za babu. Hajaanguka, nilimwambia, makinda wa mkesha hutoka kiotani wakiwa na siku 13 au 14, kabla hawajaweza kuruka sawasawa, na wazazi huendelea kuwalisha hukohuko chini. Alitaka amrudishe. Nikamwambia tumwache, na kwamba kazi yetu ni paka. Paka wa nyumba ya tatu tulimlinda kwa zamu, mimi na mwanangu, tukiwa na bastola ya maji, na mzee alituazima kiti chake cha kukunja. Makinda watatu tuliwaona wakipanda hadi kwenye kichaka. Wa nne hatukumwona.

Malezi ya hao watatu yalimwangukia dume, kwa sababu mwishoni mwa Mei jike alikuwa ameshaanza kiota kingine kwenye wigo uleule, hatua moja na nusu kutoka cha kwanza. Safari hii hakunihitaji, kwani mvua ilikuwa imerejea na tope lilikuwa bure. Nilimwaga kopo moja hata hivyo. Sasa anaatamia, asubuhi ya leo nilipopita na pipa niliona mkia wake umechomoza kati ya majani, na jicho moja likanifuata hadi nilipopita, bila yeye kutikisika. Mzee anasema wigo ukiendelea hivi pipa lake halitapita, kisha anainamisha kichwa na kupita. Ukutani mwa kibanda, chini ya msumari, nimeandika 29 Mei, na mbele yake nimeacha nafasi.