Fremu ya shilingi 5,000

Mei Mosi ya mwaka juzi nilikaa mbele ya runinga nikitazama wafanyakazi bora wakiitwa jukwaani, huyu bahasha, yule friji, nikajisemea hata mimi nitafanya. Ofisi yangu ya ushonaji ipo Morogoro: mafundi sita, cherehani saba (moja mgonjwa wa kudumu), na kazi inayotulisha ni sare za shule. Friji sina uwezo nayo. Nikanunua fremu ya shilingi 5,000, nikaandika "Fundi Bora wa Mwezi", nikaweka picha ya binti wa ovaloki (mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke) kwa sababu kweli ana kasi.

Ofisi nzima ikanuna. Mzee wa kukata akawa akiingia asubuhi anasalimia wote, kwangu anapita kama kuna nguzo. Binti mwenyewe akaniita pembeni: "Mama, naomba uitoe ile picha. Hata uzi hawaniazimi siku hizi." Mwezi haukuisha, nikaishusha. Siku hizi fremu ina picha ya marehemu mama yangu.

Lililofuata sikulipanga. Fundi wa kola aliugua, nikakaa kwenye kiti chake nimalizie oda. Haikupita saa moja kiuno kikawaka moto. Kumbe ubao umepasuka katikati, ndiyo maana hukunja kanga na kuikalia. Kanga ile nimeiona miaka mitatu, nikidhani ni ya kuswalia! Jioni nikamfuata fundi sofa, akaniuzia vipande vya godoro kwa 12,000, na mabaki ya vitambaa tunayo gunia zima. Tukashona mito, kila mtu akachagua kitambaa chake. Mzee wa kukata hukata amesimama, kwa hiyo yeye nilimletea zulia kuukuu la kukanyagia. Siku hiyo alinisalimia.

Nikapata ujasiri wa kuuliza: hapa ofisini nini kinawaudhi? Hakuna aliyetaja sherehe wala fulana. Walitaja mshahara. Nilikuwa nalipa "mteja akilipa", na shule hulipa zikijisikia. Sasa ni tarehe 30, jua au mvua, na ili niweze, sikati kitambaa kabla sijapokea nusu ya pesa. Shule moja ikahamia kwa fundi mwingine. Iliniuma, na bado inaniuma.

Wakataja pia chakula cha mchana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apate mapumziko ya dakika 60. Kwangu, Desemba na Januari, watu walikula wali mguu mmoja ukiwa kwenye pedali, nami nikijisifu kwamba tunajituma. Kuwarudishia saa hiyo siwezi kukuita motisha. Nilikuwa nimekalia haki ya watu.

Wazo la mwisho ni la binti wa ovaloki: kila fundi aweke mshono mmoja wa rangi yake ndani ya pindo, kazi nzuri ijulikane ni ya nani. Gharama yake ni uzi tu. Fundi wa kola alichukua rangi ya chungwa, mimi zambarau, maana nami hushona tukizidiwa.

Juzi mzazi mmoja akarudisha shati, kola imeachia. Wote wakasogea. Mzee wa kukata akalishika, akageuza pindo taratibu, akanitazama juu ya miwani.

Zambarau.