Nilivyolifanya gari langu la gofu lipande kilima bila kuwarusha abiria

Gari lenyewe ni la umeme, la volti 48, lenye betri sita za asidi za volti 8 kila moja. Aliyekuwa nalo kabla yangu alilifungia kiti cha nyuma na matairi ya inchi 22 badala ya yale ya inchi 18. Kwa macho lilipendeza kweli. Ukilikanyaga ndipo unalijua: kwanza linasita, halafu linaruka, abiria wa nyuma anajishika kwenye bomba kwa mikono miwili. Likifika kilimani pumzi inakata, linajikokota mpaka unatamani kushuka usukume.

Kila niliyemweleza alikuwa na dawa ileile: nunua kontrola kubwa, yaani kile kisanduku kinachoamua mota ipewe umeme kiasi gani. Labda. Ila kontrola ni pesa, na mimi nilitaka kwanza nijue nguvu niliyokuwa nayo tayari inapotelea wapi.

Kwenye mota ya umeme, ampea ndizo zinazosukuma na volti ndizo zinazoleta kasi. Gari linaloshindwa kupanda mlima halijapungukiwa kasi, limepungukiwa msukumo: ama kontrola inazibania ampea, ama betri na nyaya hazina uwezo wa kuzitoa. Na yale matairi makubwa yalikuwa yameongeza deni. Ukigawanya 22 kwa 18 unapata kama 1.22, maana yake kwa mzunguko uleule wa mota gari linakwenda mbali zaidi kwa asilimia 22, lakini mota nayo inadaiwa msukumo wa ziada wa kiasi hichohicho. Aliyeyafunga alipata mwendo tambarare akaulipia mlimani.

Nikaanza na betri. Baada ya kuchaji na kuziacha zitulie, zote sita pamoja zilisoma volti 50.8, ambayo kwa betri za asidi ni kama zimejaa. Ungeishia hapo ungesema hazina tatizo. Kipimo cha betri iliyotulia hakikuambii itafanya nini ikibebeshwa mzigo, kwa hiyo nikamweka mtu kwenye usukani, wawili nyuma, na mimi pembeni na multimita, kile kipimo cha umeme, huku gari linapanda kilima. Tano zilishuka mpaka volti 7.4 hivi. Ya nne kwenye mstari ikaporomoka hadi 5.8, kisha gari liliposimama ikapanda tena taratibu kana kwamba haikuwa yeye. Sikununua mpya kabisa ya kuiweka katikati ya kuukuu, maana mpya hujikuta inavutwa chini na wenzake na haidumu. Nilitafuta iliyotumika, ya aina moja na umri unaokaribiana, ikapimwa kwa mzigo kabla ya kununuliwa.

Halafu nyaya. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, na kama una gari la namna hii nakushauri ukae pia. Weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo yenyewe ya betri, nyingine kwenye kichwa cha waya kilichofungwa juu yake, kisha mtu akanyage gari likiwa na mzigo. Vitu viwili vinavyogusana vizuri vitakupa karibu sifuri. Kiungo kimoja changu kilisoma volti 0.4. Unaweza kuidharau, lakini zidisha kwa ampea 200 zinazopita pale: wati 80, joto la pasi ya kuchomelea risasi, linawaka ndani ya nati moja. Nilipofungua nikakuta unga wa kijani umejaa chini ya washa (kile kipete bapa kinachokaa chini ya nati), na plastiki ya waya imekakamaa mpaka inakatika ukiikunja. Nikasugua nguzo zote kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa, nikaosha asidi kwa maji yenye magadi huku vifuniko vya betri vimefungwa visiingize tone, nikabadili nyaya zote nene kutoka za milimita za mraba 16 kwenda za 35.

Tahadhari zenyewe ni chache lakini si za mzaha: zima gari, weka swichi ya kuvutia gari kwenye nafasi ya kuvutwa, fungua waya mkuu wa hasi kwanza, vua pete na saa, zungushia spana utepe wa plastiki. Betri sita zilizounganishwa zinaweza kuyeyusha spana inayogusa nguzo mbili, na gesi inayotoka wakati wa kuchaji hulipuka kwa cheche.

Jambo la tatu ni pedali. Chini yake kuna sensa inayoiambia kontrola umekanyaga kiasi gani. Ya kwangu ni ya kubadilisha ukinzani kutoka 0 hadi kilo-omu 5. Nilipokanyaga mpaka sakafuni, ilisoma 4.2. Kwa hiyo hata nilipodhani nimemaliza, kontrola ilikuwa inaona mtu aliyekanyaga robo tatu na kidogo. Nikarekebisha kijiti kinachounganisha pedali na sensa mpaka ikafika 5 ikikanyagwa yote na kurudi karibu na sifuri ikiachiwa. Bila kugusa programu hata kidogo, gari lilikuwa limeshabadilika.

Ndipo nikaja kwenye kontrola. Yangu inafunguliwa kwa kifaa cha mkononi kinachochomekwa kwa waya. Nyingine siku hizi unaziona kwenye simu. Kabla ya yote nikapiga picha kila ukurasa wa mipangilio, ili nikiharibu nijue pa kurudi.

Mipangilio ni mingi, lakini kwa shida yangu yenye kazi ilikuwa mitatu. Wa kwanza ni muda wa kupandisha nguvu, yaani sekunde ambazo kontrola inachukua kutoka sifuri hadi uwezo wake wote baada ya wewe kukanyaga ghafla. Ulikuwa 0.4. Hicho ndicho kilichokuwa kinamrusha abiria, na ajabu ni kwamba aliyeuweka hivyo pengine alikuwa anatafuta nguvu. Muda mfupi hauongezi nguvu. Unaitoa tu yote kwa kishindo. Nikaupeleka 0.8, nikajaribu, kisha 1.2 nikaridhika. Ukizidisha sana unapata gari linalochelewa kuitika, na hilo ni baya ukiwa unakata barabara.

Wa pili ni kikomo cha ampea. Kilikuwa kimebanwa kwenye asilimia 70 ya uwezo wa kontrola, na hiyo ndiyo iliyokuwa inanikwamisha kilimani. Nikakipandisha kwa hatua, asilimia 5 kila mara, na baada ya kila hatua napanda kilima kilekile na mzigo uleule kisha naishika mota na nyaya kwa mgongo wa mkono. Joto linaongezeka kwa mraba wa ampea: ukitoka 200 kwenda 280, joto ndani ya mota na nyaya linakuwa karibu mara mbili, sio asilimia 40 zaidi kama mtu angedhani. Nilisimama asilimia 90. Ile 10 iliyobaki sikuihitaji, na mota haijui kulalamika mpaka iungue.

Wa tatu watu wengi wanaupita: ramani ya pedali. Unaamua pedali ikiwa nusu, kontrola itoe asilimia ngapi. Ilikuwa 50, mstari ulionyooka. Nikaishusha hadi 38. Sasa sehemu ya kwanza ya pedali ni ya upole, unaweza kusogea taratibu pembeni ya watu au kurudi nyuma kwenye nafasi finyu, na nguvu inakuja ukiendelea kukanyaga. Kati ya yote niliyoyagusa, hili ndilo abiria walilolisifia, ingawa hakuna aliyejua ni nini kimebadilika.

Kasi ya juu sikuiongeza, na nilishawishiwa sana. Kwa kilomita 24 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya kawaida ya magari haya, breki za nyuma peke yake zinatosha. Ukilipeleka 34, nguvu ya mwendo inayotakiwa kuzimwa na breki hizohizo inakuwa mara mbili, na gari lina kitovu cha uzito kilicho juu kwenye kona. Huko Marekani, tangu 1998, gari dogo la namna hii linaloweza kupita takriban kilomita 32 kwa saa linahesabiwa kundi jingine, linalotakiwa mikanda, vioo na taa. Wanajua wanachokifanya. Kama una mota ya mfululizo, ile ya zamani ambayo umeme uleule unapita kwenye sumaku zake na kwenye sehemu inayozunguka, na unataka kuijaribu magurudumu yakiwa hewani, kanyaga kidogo tu: bila mzigo inaweza kukimbia hadi ijivunje yenyewe.

Umbali kwa chaji moja umepungua kidogo nikipanda milima mingi, tambarare sioni tofauti. Kinachonisubiri ni betri za lithiamu, maana hizi za asidi hazina miaka mingi mbele. Nikizifunga itabidi nirudi kwenye kile kikomo cha ampea, kwa sababu betri hizo zina kidhibiti chao cha ndani: kontrola ikidai zaidi ya kinavyoruhusu, kinakata umeme wote papo hapo, hata kama uko katikati ya kilima. Breki ya mota nayo nitaipima upya, kwani inarudisha umeme kwenye betri, na ukianza kuteremka na betri zilizojaa pomoni, umeme huo hauna pa kwenda.