Bomba la evye limekubali kushuka, mwamba umebaki palepale

Leo maji ya kuoshea vyombo yametoka kwenye evye (sinki), yamepita ukuta na kufika shimoni bila kurudi nyuma. Nilimwaga ndoo nzima kwa mpigo mmoja, nikakimbia nje kusikiliza, nikakuta yameshafika. Kwa anayejenga Goma hiyo ni habari kubwa. Ninyi wa Bukavu mlio na udongo wa kuchimba, tuchekeni tu.

Karo (vigae) za ukutani na meza ya zege siziandiki, kila mtu anajua zinavyowekwa. Kilichotutesa ni mteremko. Nyumba yetu ni ya mbao juu ya msingi wa mawe, na msingi wenyewe umekaa moja kwa moja juu ya lava ya volkano Nyiragongo ya Januari 2002. Udongo hakuna. Mpango ulikuwa bomba la milimita 50 lipite chini ya sakafu hadi shimo la nyuma, lishuke sentimita 2 kila mita. Katikati ya njia kumbe kuna nundu ya mwamba, na bomba likilazwa juu yake linakaa karibu sawasawa. Kwa maji matupu ungevumilia. Sisi tunapikia mawese. Usiku wa Goma una baridi, na mawese yakipoa ndani ya bomba lisiloshuka yanaganda, yanashika punje za wali na majani ya sombe (kisamvu), mwishowe evye inakurudishia mchuzi wa jana.

Basi tukavunja. Tabaka la juu lilitoka vizuri kwa nyundo na patasi, ile lava nyepesi yenye matundu matundu ambayo gesi ilitoboa ilipokuwa ikipoa. Chini yake tukakuta jiwe lingine kabisa, la kijivu linaloelekea bluu, limeshikana, halina tundu hata moja. Patasi inaruka, inatoa cheche, mkono unakufa ganzi hadi begani. Fundi alipeleka patasi kunolewa, ikarudi kali, ikavunjika ncha kabla ya chai. Mashine ya diski ya almasi inakata, nisiidharau: unachora mistari ya karibu karibu, kisha unabomoa kingo zinazobaki katikati. Ila jioni umeme ukipungua nguvu inanguruma tu bila kuzunguka, na vumbi lake jeusi tulilikuta kwenye unga wa muhogo, kwenye shuka, hadi ndani ya redio.

Mzee jirani akatupa dawa ya zamani ya makala (makaa): "Kijana, washa makala juu yake, lipate moto sana, halafu mwagia maji baridi." Tukafanya. Mlio ulikuwa mtamu, tukashangilia, tukafagia majivu, tukapata ganda la unene wa kidole. Bibi yangu, yaani mke wangu, wakati wote huo alikuwa anapika barazani kwa mbabula (jiko la makaa) moja. Kwenye mwinuko wetu wa mita 1,500 hivi maji huchemka kwenye nyuzi 95, kwa hiyo maharagwe yanadai makala mengi na subira zaidi. Aliangalia gunia lake linavyoteketea juu ya jiwe akasema, "Papa Gloire, huyu mwamba anakula kuliko watoto."

Njia ilifunguka kwa sababu ya bati. Mabati ya upande wa jiko yalikuwa yametoboka. Moshi wa Nyiragongo ukichanganyika na mvua unatoa maji yenye asidi, na bati jembamba halidumu. Ili kupandisha mabati mapya tukaondoa sisterni ya mvua iliyobanwa pembeni mwa ukuta. Ilipoondoka, nikaona ukuta mzima wa nje uko wazi hadi shimoni. Kwa nini bomba lipite chini? Litoboe ukuta mara tu baada ya sifoni (ule mpindo wa bomba chini ya evye), juu ya mwamba, litembee nje kando ya msingi.

Hapo nitasifia kifaa kimoja: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejazwa maji. Nivo (pimamaji) ya chuma ni nzuri kwa karo, lakini urefu wake haufiki mbali, na kosa dogo kila unapoisogeza linajumlika. Programu ya simu hata sitaki kuizungumzia. Mpira wa maji haubishani na mtu: mmoja anashika huku, mwingine kule, mnangoja maji yatulie, mnapiga alama. Angalieni tu kusiwe na povu la hewa ndani. Mita 7, kwa hiyo sentimita 14 za kushuka. Tukapanga mawe, kila moja likiwa chini kidogo ya mwenzake, bomba likalala juu yake, kisha tukalifunika kwa mawe mengine, maana PVC ikipigwa na jua miaka inakauka na kupasuka. Mawe, kama mnavyoweza kukisia, hatukununua.

Kabla ya shimo nimeweka ndoo ya rangi iliyosafishwa: maji yanaingia juu, yanatoka kwa kona inayochota katikati, mawese yanaelea na kubaki. Kuyachota itakuwa kazi ya Jumamosi. Nani ataifanya bado tunajadiliana.

Sasa kabati la jiko. Mbao zake zimeshanunuliwa, zimelala sebuleni. Lakini ile nundu imebaki katikati ya jiko, imechongwa juu ikawa tambarare, jiwe lisiloungua, kimo cha kukaa. Mbabula inakaa pale bila kuyumba. Tena tulipobandika karo tuliziba nyufa zote za mbao, zile zilizokuwa zinatoa hewa ya makala. Hewa hiyo inaua na haina harufu, na sisi tunaoishi na mazuku (gesi ya volkano inayotuama mabondeni na kuua) hatuhitaji kufundishwa jambo hilo. Kwa hiyo kwanza bomba la moshi, likiwa na kofia pana juu ya nundu, litoke darini kupitia bati jipya. Nimeshapeleka vipimo kwa mafundi wa bati wa Birere. Wameniuliza nataka kona ngapi. Nimesema hakuna kona, liende wima.

Pesa ya kofia ni ile ya bawaba na vitasa vya kabati. Bibi yangu bado sijamwambia.