TR6: wikendi ya 3 na toini ya nyuma, kumbe uzi ndio mwongo

Aisee imekubali. Naandika mikono bado ina grisi kwa sababu nikingoja kesho hasira zitakuwa zimepoa na hasira ndio nusu ya stori yenyewe.

Mara ya mwisho kwenye hii Triumph TR6 yangu (gari ya zamani ya michezo ya Kiingereza) niliishia bushi mpya za amu za nyuma (mikono inayoshika magurudumu) na springi mpya, gari ikakaa kwenye kimo chake, kilichobaki kurudisha shimu (vile vibati vyembamba vinavyowekwa kati ya braketi za amu na chesi) na kupima. Nikajipangia asubuhi moja. Asubuhi moja!

Nilikuwa nataka toini (tairi kuelekeza pua ndani kidogo) mm 1.5 jumla, yaani mm 0.75 kila upande, na kemba (tairi kulala kichwa ndani au nje) nyuzi 1 hasi. Nikafunga uzi wa nailoni pande zote mbili kwenye stendi, mm 150 kutoka katikati ya habu ya mbele, mm 150 kutoka habu ya nyuma, kushoto hivyo, kulia hivyo, safi kabisa. Halafu rula ya chuma kwenye rimu, mdomo wa mbele na mdomo wa nyuma. Shimu mnazijua, ukiziongeza kwenye braketi ya ndani pua ya tairi inaingia, ukiziongeza kwenye ya nje pua inatoka. Nikazungusha mpaka namba zikakaa vizuri, nikafunga bolti zote (ile ya juu iliyojificha karibu na sakafu ya bodi, aliyeiweka pale sijui alikuwa na ugomvi na nani), nikatoka barabarani.

Gari mbaya. Ukinyoosha inatangatanga kidogo, na kwenye kona ukiachia mafuta tu mkia unataka kukupita. Nikarudi, nikapima tena, uzi unasema 0.75 na 0.75. Toini ipo. Sasa gari yenye toini inafanyaje vile?

Hapo ndio nilianza kulaumu kila kitu. Kwanza nikasema ni tairi hazijakaa, maana amu za aina hii ukishusha jeki tairi zinabaki zimejikunja ndani na mpira unashika sakafu, hazifunguki, ukipima hapo unapima uongo. Nikaweka vipande viwili vya vigae vya plastiki na grisi katikati chini ya kila tairi ya nyuma, nikaibonyeza gari mara kadhaa, nikapima. Namba zilezile. Nikakagua stadi za habu kwenye amu, zile zinazong'oka na nyuzi za skrubu kwenye aluminiamu, ziko sawa. Nikalaumu shokapu za mkono (zile za zamani zinazofanya kazi kwa wenzo), na hizo huwa nazilaumu hata kukiwa na mvua. Wikendi ya pili ikaishia hapo, na shimu nimezitoa na kuzirudisha mara nne kwa sababu tu sikuwa na cha kufanya kingine.

Jumamosi hii nikaamua kuachana na uzi. Nikachukua bapa mbili za aluminiamu zilizonyooka, nikachonga kwenye kila moja alama mbili zilizoachana mm 410, nikazibana kwenye rimu za nyuma, nikapitisha futi ya kupimia chini ya gari kutoka bapa hadi bapa, mbele ya tairi kisha nyuma ya tairi. Mbele pana kuliko nyuma. Kidogo tu, zaidi ya nusu milimita, lakini pana! Hiyo ni toauti. Nikarudia mara tatu. Toauti, toauti, toauti.

Nikakaa chini kwenye stuli nikiangalia uzi kama mtu aliyeniibia. Halafu ikanijia: TR6 mbele na nyuma upana wa magurudumu haulingani. Mbele ni kama mm 1276, nyuma kama mm 1264, nikapima na ya kwangu iko hapohapo. Kwa hiyo mimi kuweka mm 150 mbele na mm 150 nyuma nilikuwa naulaza uzi, unaingia ndani mm 6 kila upande unavyoelekea nyuma. Gari ina mm 2235 kutoka ekseli hadi ekseli, piga hesabu kwenye rimu ya mm 410 unapata mm 1.1 ya uongo. Tairi iliyonyooka kabisa uzi unaiona ina toini ya 1.1. Mimi nikaishusha mpaka 0.75 nikafurahi, kumbe nimeipeleka toauti ya 0.35 kila upande, jumla 0.7. Ndicho futi ilichosema. Wikendi mbili nimekuwa naiharibu gari kwa umakini mkubwa.

Uzi nikausogeza nyuma uwe mm 156. Shimu moja nyembamba ndani kila upande, kulia ikataka mbili. Uzi na futi sasa wanakubaliana, 1.5 jumla. Nimeendesha: mkia umetulia, unaachia mafuta katikati ya kona na gari inakaza tu mstari, nilicheka peke yangu humo ndani.

Kuna vile vipimo vya leza watu wanavisifia. Sikatai, lakini leza nayo ukiilenga kutoka sehemu mbovu itakudanganya vilevile, tena kwa mwanga mzuri. Bapa mbili na futi havina pa kunidanganyia.

Kemba sijapima. Mbele sijagusa. Vyote vilikuwa vya leo, ila nimeanza kukata mabomba mawili ya mraba yanayobanwa mbele na nyuma ya gari, kila moja na mifereji miwili ya uzi iliyoachana sawasawa, ili nyuzi ziwe sambamba zenyewe na mimi kazi yangu iwe kuiweka gari katikati tu. La kwanza limeshachongwa. La pili nimekosea mfereji kwa mm 2, nachonga upya.